Fundi Tuambie: PATH zilizokatwa, variabo zinazopotea na seva inayosoma saa kwa Kiswahili

Mwezi huu maswali karibu yote yameangukia kitu kimoja, zile variabo za mazingira, yaani majina kama PATH (orodha ya folda ambamo programu zinatafutwa), HOME, TEMP na JAVA_HOME ambayo mfumo unayabeba pamoja na thamani zake ili programu ikiamka ijue vitu vyake viko wapi. Wengine mko Linux, wengine Windows, na mmoja yuko DOS kabisa, sio utani. Salamu ndefu nimezikata ili tuenee.

SWALI: Fundi habari za kazi. Natumia Ubuntu, nimeinstoli Flutter (zana za kutengenezea app) ikabidi niiweke kwenye PATH. Nikiandika export PATH="$HOME/flutter/bin:$PATH" inakubali vizuri tu, flutter inafunguka, ila nikifunga terminali nikaja kufungua tena naambiwa flutter haipo. Kila asubuhi naandika upya mpaka nimechoka, na rumeti wangu anasema nirudi tu Windows. Shida ni nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Windows iache kwanza, nako kuna ya kwao utayasoma hapo chini.

Hakuna kilichoharibika kwako. Kila programu inayotembea ina orodha yake ya variabo, na orodha hiyo inaipata kwa kukopiwa na programu iliyoifungua. Inakopiwa mara moja tu, pale inapozaliwa. Baada ya hapo kila mmoja na chake, mtoto akibadilisha haimfikii mama, na mama akibadilisha haimfikii mtoto ambaye tayari yuko nje anatembea. Mambo yamekuwa hivi tangu Unix toleo la 7 la Bell Labs mwaka 1979, na ukilishika hili karibu kila swali la ukurasa huu unaweza kulijibu mwenyewe.

Jaribu hii kwenye terminali (bash ndiyo programu inayosoma amri unazoandika humo), andika mstari mmoja mmoja:

MJI=Tanga
bash
echo $MJI

Utapata mstari mtupu. Umefungua bash ya pili ndani ya ile ya kwanza, na Tanga haikwenda nayo kwa sababu hukuandika export, ilikuwa ya terminali ile peke yake. Sasa andika exit urudi kwa mama, kisha export MJI, kisha bash tena, kisha echo $MJI. Tanga hiyo hapo. Ukiwa bado ndani ya mtoto andika MJI=Pemba halafu exit, uliza tena echo $MJI, utaona kwa mama bado ni Tanga, Pemba imekufa na mtoto wake.

Kwa hiyo ile export yako ya asubuhi ilikuwa ndani ya dirisha moja la terminali, ulipolifunga ikaondoka nalo, na dirisha jipya limezaliwa na mama mwingine kabisa ambaye hajawahi kuisikia Flutter. Dawa ni kuandika mstari ule mahali ambapo kila bash mpya inasoma ikiamka, nalo ni faili la .bashrc lililoko kwenye folda yako ya nyumbani. Fungua kwa nano ~/.bashrc, shuka mpaka chini kabisa, pesti mstari wako, sevu, toka. Terminali zitakazofunguka kuanzia hapo zitakuwa nao. Hii uliyonayo mkononi ilishasoma faili lile zamani, kwa hiyo iambie isome tena kwa source ~/.bashrc.

Umeandika $HOME na umefanya vizuri, maana kuna watu wanaandika "~/flutter/bin:$PATH" ndani ya alama za kunukuu halafu wanashangaa haifanyi kazi. Ile ~ ikiwa ndani ya alama za kunukuu bash haiigeuzi kuwa folda ya nyumbani, inabaki hivyohivyo kama kidudu. Na kama unafungua programu kwa kubofya kwenye menyu badala ya terminali, hiyo haijazaliwa na bash yako, .bashrc haiijui. Kwa ajili yake weka mstari uleule kwenye ~/.profile, kisha toka kwenye akaunti yako ya kompyuta na uingie upya.

SWALI: Mkuu nisaidie haraka nko vibaya. Niliweka export PATH=/opt/java/bin kwenye bashrc sasa ls haipo, nano haipo, sudo haipo, hata clear inagoma. Niformati? (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Usiformati chochote bana. Ulisahau kumalizia na :$PATH, kwa hiyo umefuta njia zote za zamani ukabakiza ya Java peke yake, programu zenyewe ziko palepale ila bash haijui izitafute wapi. Andika:

export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin:/usr/sbin:/sbin

Hiyo itakubali kwa sababu export yenyewe iko ndani ya bash, haitafutwi kwenye folda. Sasa nano imerudi, ingia .bashrc urekebishe ule mstari uwe export PATH=/opt/java/bin:$PATH. Basi.

SWALI: Kaka naomba kueleweshwa. Ofisini tuna faili la .bat ambalo ndani yake kuna set kama tano, tukiliita kwenye cmd (dirisha la amri la Windows) zile variabo zinabaki tunaendelea kuzitumia. Nimetengeneza la kwangu la Linux, weka.sh, ndani nimeweka export zilezile, naliita ./weka.sh, halitoi eror yoyote lakini nikicheki hamna kitu. Nimerudia mpaka nimejiona mjinga. (Msomaji, Zanzibar)

JIBU: Wewe si mjinga, ni kwamba mifumo hii miwili imetofautiana hapo. Ukiita .bat kwenye dirisha la cmd, inasomwa na cmd ileile uliyo ndani yake, hazaliwi mtoto, kwa hiyo set zake zinabaki (isipokuwa kama aliyeiandika aliweka juu setlocal, amri inayozifuta faili likiisha). Kwenye Linux ukiandika ./weka.sh anazaliwa mtoto, anafanya export zote kwa uaminifu mkubwa, anamaliza kazi anakufa na kila kitu chake. Eror haipo kwa sababu hakukosea.

Usimpe mtoto faili alisome, lisome wewe mwenyewe:

source weka.sh

au kwa kifupi nukta, nafasi, jina: . ./weka.sh. Hapo ni bash yako inayosoma mistari ile kana kwamba umeiandika kwa mkono.

SWALI: Fundi mimi nipo Mwanza natumia Windows 10. Niliona kwenye video wanasema andika setx PATH "%PATH%;C:\flutter\bin" nikaandika, ikasema SUCCESS. Juu yake kulikuwa na neno WARNING sikulisoma. Sasa nikifungua cmd mpya git haipo, python haipo, na programu nyingine ya kazini nayo imegoma. Nimerestati mara nyingi. Naogopa kumwambia bosi maana laptopu ni ya ofisi.

JIBU: Ile WARNING uliyoiruka ndiyo ilikuwa inakuambia kwamba maandishi yamekatwa kwenye herufi 1024. setx haisevu zaidi ya hapo, inakata panapofika, hata katikati ya jina la folda, halafu inakuandikia SUCCESS kwa sababu kweli imesevu, imesevu kipande. Mimi naona amri inayokata PATH ya mtu ingepaswa kukataa kabisa badala ya kunong'ona, lakini ndivyo ilivyo.

Kuna jambo la pili limetokea ambalo video nyingi hazilisemi. Windows ina PATH mbili, ya mfumo mzima na ya mtumiaji, na ukiandika %PATH% kwenye cmd unapata zote mbili zimeunganishwa. setx bila /M inaandika kwenye ya mtumiaji. Kwa hiyo umechukua mchanganyiko wote, ya mfumo ikatangulia, ukaumimina kwenye ya mtumiaji, ukajaa, na zile folda zako za git na python zilizokuwa mkiani ndizo zilizokatwa. Ya mfumo yenyewe haijaguswa, ndo maana kompyuta bado inawaka na mambo mengi yanaenda.

Kwako wewe umesharestati, ila kwa msomaji mwingine ambaye imemtokea sasa hivi na gazeti analo mkononi: usifunge lile dirisha la cmd. setx inaandika kwenye rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows), haigusi dirisha lililoko wazi, kwa hiyo hapo ndani bado kuna kopi ya zamani nzima. Andika echo %PATH%, kopi yote, pesti kwenye Notepad, sevu. Umeokoka. Dirisha lolote jingine lililofunguliwa kabla ya ajali linayo pia, hata terminali iliyo ndani ya VS Code (programu ya kuandikia kodi).

Wewe itabidi uzirudishe kwa mkono. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika:

rundll32 sysdm.cpl,EditEnvironmentVariables

Litafunguka dirisha lenye sehemu mbili, juu ya mtumiaji, chini ya mfumo. Juu bofya Path kisha Edit, utaona folda zimepangwa mstari mmoja mmoja. Futa zile ambazo ziko pia kwenye Path ya chini, hizo ni marudio uliyoyaleta wewe, futa na ule wa mwisho kama umekatwa kati. Kisha rudisha zako. Python mara nyingi iko chini ya folda yako ya mtumiaji ndani ya AppData\Local\Programs\Python, git itafute C:\Program Files\Git\cmd, na Flutter yako C:\flutter\bin. OK, OK, fungua cmd mpya. Ukiwa unatumia terminali ya VS Code ifunge VS Code yote, sio kile kidirisha tu, maana mama wa terminali ile ni VS Code yenyewe na yeye bado ana kopi ya zamani.

Kuanzia leo setx itumie kwa variabo fupi kama JAVA_HOME. PATH iongeze kwenye hilo dirisha. Na bosi mwambie tu ikishapona.

SWALI: Kwa nini set JINA = mtihani kwenye cmd inakubali lakini echo %JINA% inanirudishia %JINA%? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Kwa sababu ya hizo nafasi. Umetengeneza variabo inayoitwa JINA-na-nafasi, na thamani yake inaanza na nafasi. Andika set JINA=mtihani bila kuachia kitu. Kwenye bash nako nafasi hazitakiwi, ila yenyewe inapiga kelele hapohapo kwamba amri JINA haipo, afadhali.

SWALI: Mheshimiwa, nina karakana ya vyuma hapa Nairobi. Mashine yetu ya kukata inaendeshwa na kompyuta ya zamani yenye MS-DOS 6.22, inafanya kazi vizuri sana na sina mpango wa kuibadilisha. Kijana wangu ameongeza laini ya SET KAZI=C:\KAZI\MICHORO kwenye AUTOEXEC.BAT, sasa ikiwaka inaandika Out of environment space. Pia nikiandika ECHO %KAZI% inanijibu %KAZI%. Je, RAM imekwisha?

JIBU: Mzee wangu hongera kwa kuitunza. RAM haijaisha. DOS inatenga kichumba kidogo sana cha kuwekea variabo, kwenye toleo lako kikiwa hakijabadilishwa ni baiti 256 tu, yaani PATH, PROMPT, TEMP na wenzake wote wanagombania herufi 256. KAZI imekuta pamejaa.

Kupanua unaenda kwenye CONFIG.SYS. Andika EDIT C:\CONFIG.SYS uangalie kama kuna mstari unaoanza na SHELL=. Ukiwepo uongezee /E:1024, usipokuwepo uandike hivi:

SHELL=C:\DOS\COMMAND.COM C:\DOS\ /E:1024 /P

Hakikisha kwanza kwa DIR C:\DOS\COMMAND.COM kwamba faili lipo kweli hapo. Ile /P usiisahau, bila hiyo AUTOEXEC.BAT haitasomwa kabisa na mashine yako ya kukata haitapata madreva yake. Sevu, zima, washa. Na ukikosea ikakataa kuwaka usiite mtu, washa tena na yakitokea maneno Starting MS-DOS bonyeza F5, itaruka mafaili yote mawili ikufikishe kwenye C:\ urekebishe. F8 nayo inakupitisha mstari kwa mstari ikikuuliza ndiyo au hapana.

Kuhusu ECHO, hapo umedanganywa na DOS yenyewe. COMMAND.COM inafungua zile alama za asilimia ndani ya faili la .BAT tu, ukiandika kwa mkono inakurudishia ulichoandika, hata kama variabo ipo. Kuangalia andika SET peke yake, zitamwagika zote. Kama kijana anataka kurefusha PATH pia, mwambie mstari wa amri wa DOS unaishia herufi 127, kwa hiyo folda zenye majina mafupi ndo mpango.

SWALI: Niaje fundi. Nina seva Ulaya inayotuma ripoti ya mauzo kila asubuhi kwa cron (programu inayoamsha kazi kwa ratiba iliyo kwenye faili la crontab). Kwanza ilikuwa inakataa kabisa inasema programu yetu haipo na nikiirun kwa mkono inakubali. Hiyo nikatatua kwa kuandika njia yote ya faili. Sasa shida ni saa. Seva iko UTC, nikaweka TZ=EAT+3 juu ya crontab ndio ripoti ionyeshe saa za huku, lakini ripoti ikifika saa tatu na robo asubuhi ndani imeandikwa 03:15. Bosi anaona iko sawa kabisa, mimi najua haiko sawa. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hii barua nimeisomea wenzangu wote hapa. Seva yako imejifunza kusoma saa kwa Kiswahili!

Ukweli ni kwamba ile alama ya kujumlisha inafanya kazi kinyume. Kwenye maandishi ya TZ ya namna hiyo, +3 maana yake mahali hapo ni masaa matatu nyuma ya UTC, kwa hiyo badala ya kwenda mbele matatu umerudi nyuma matatu, jumla sita, na sita ndio tofauti yetu na saa za kizungu. Ripoti inatoka 06:15 ya UTC, Mombasa ni 09:15, ambayo ni saa tatu na robo, na seva inaandika 03:15. Bosi ana haki ya kufurahi. Ila siku mtalinganisha na risiti za benki patachimbika.

Ungeweza kuandika EAT-3 ikakubali, lakini usijipe kazi, andika jina la mji:

TZ=Africa/Nairobi

Africa/Dar_es_Salaam na Africa/Kampala nazo zipo na zinatoa saa ileile. Usiandike EAT peke yake, hiyo itakuonyesha saa ya UTC imevishwa jina la EAT, na huo ni uongo mbaya zaidi kwa sababu unafanana na kweli. Kumbuka pia TZ hiyo inabadilisha saa ambayo ripoti inaiona, kwenye cron ya Ubuntu ratiba yenyewe bado inafuata saa ya seva, ile 15 6 ya kwenye crontab (dakika ya 15, saa 6 ya seva) iache. Ukitaka ratiba nayo iwe ya nyumbani basi sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi, sudo systemctl restart cron, halafu ndio 6 uigeuze 9.

Kuhusu lile la kwanza ulilolitatua, sababu yake ni kwamba cron haikuzaliwa na terminali yako, .bashrc yako haisomi, na kwenye Ubuntu PATH yake ni /usr/bin na /bin basi. Unaweza kuweka mstari wa PATH= juu ya crontab, lakini andika folda zote kwa majina, ukiandika $PATH mle cron haiifungui, inaichukua kama maandishi tu. Ukitaka kuona cron inabeba nini, weka kwa muda mstari huu, subiri dakika moja usome hilo faili, kisha uufute:

* * * * * env > /tmp/cron.txt

SWALI: Dada yenu hapa Arusha. Nimeambiwa paswedi ya database isiandikwe ndani ya kodi, iwekwe kwenye variabo. Nimeiweka kwa export ndani ya .bashrc. Sasa iko salama?

JIBU: Dada yangu, imehama tu. Kutoiweka kwenye kodi ni sahihi, maana kodi inasambaa. Lakini ukiiweka .bashrc kila programu utakayofungua kwenye terminali inapewa kopi, hata zisizohusika na database, na kwenye Linux mtu mwenye akaunti yako, au root (msimamizi mkuu wa mfumo), anaweza kusoma variabo ambazo programu ilizaliwa nazo kwenye faili la /proc/namba-ya-programu/environ. Zaidi ya hapo programu nyingi zikianguka zinamwaga variabo zote kwenye logi, na logi ndiyo watu wanaitumiana WhatsApp wakiomba msaada.

Kwa kazi ya mkono tumia hii, utaandika paswedi bila kuonekana na haitaingia kwenye historia ya bash:

read -s DB_PASS
export DB_PASS

Kwa mradi wa kudumu watu wanatumia faili la .env linalosomwa na programu hiyo moja. Liwekee chmod 600 ili watumiaji wengine wasilisome, na uliandike kwenye .gitignore (orodha ya mafaili ambayo git haiyachukui) kabla ya komiti ya kwanza. Kama lilishapanda GitHub hata kwa dakika moja, kulifuta hakusaidii, historia ya git bado inalo. Badilisha paswedi.

SWALI: Nimehamia Mac, .bashrc yangu haisomwi. Kwa nini? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Tangu macOS Catalina ya 2019 akaunti mpya zinakuja na zsh badala ya bash. Mistari yako ihamishie kwenye ~/.zshrc, export zinaandikwa vilevile.